Ruta yako haijafa, imezimia

Wiki iliyopita, saa tano usiku, kijana mmoja wa Dodoma alinitumia ujumbe: "Kaka, ile ruta niliyokuuliza nimeiflashi, imekufa. Waifai haionekani hata kidogo, nimejaribu kwa simu tatu. Nimemwachia fundi wa hapa mtaani kwa elfu kumi, sitaki hata kuiona."

Nikausoma mara mbili. Nikaweka simu chini, nikaenda kunywa maji.

Ruta ile ilikuwa nzima. Kuflashi ni kuitoa programu ya kiwandani ndani ya ruta na kuweka nyingine, na yeye aliweka OpenWrt, programu huria ya ruta. OpenWrt ikiingia kwa mara ya kwanza huwa imezima waifai makusudi, kwa sababu bado hujaweka neno la siri na waliotengeneza programu hawataki mlango wako ubaki wazi kwa mtaa mzima. Unachomeka waya kati ya ruta na kompyuta, unafungua anwani 192.168.1.1 kwenye kivinjari, unaingia kwa jina la root bila neno la siri, unaweka la kwako, halafu waifai unaiwasha mwenyewe. Dakika tatu. Kijana kauza mbuzi mzima kwa bei ya ngozi, eti kwa sababu mbuzi alikuwa amelala.

Ningemcheka, ila sina mdomo wa kumcheka. Wengi mnanijua kama mtu wa kufufua ruta, mnanitumia picha za taa zinazowaka ovyo, nami najibu kwa madaha. Leo niwaeleze nilikoanzia.

Mwaka 2019 shangazi yangu alikuwa na duka la stesheneri Kihesa, Iringa. Kompyuta nne, printa mbili, mashine ya kutoa kopi, na TP-Link TL-WR841N, ile nyeupe ya antena mbili ambayo kila mtu amewahi kuiona juu ya kabati la mtu. Kipindi cha maombi ya mikopo ya chuo, benchi la nje lilikuwa linajaa vijana wenye bahasha za vyeti mapajani. Shida ilikuwa moja: mtu mmoja akianza kushusha muvi, fomu za wenzake zote zinaganda. Mimi, mtoto wa kaka yake, nilikuwa mwaka wa pili chuoni na maneno yamenijaa mdomoni. Nikamwambia shangazi tatizo si intaneti, tatizo ni programu iliyomo ndani ya ruta. Nitamwekea nyingine inayojua kupanga foleni.

Na nilikuwa nasema kweli, nusu. OpenWrt inaweza kugawa laini kwa haki ili anayeshusha muvi asimkabe anayejaza fomu. Lakini kazi hiyo inataka nafasi, na WR841N toleo la 9 ina megabaiti 4 tu za kuhifadhia programu na megabaiti 32 za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Wenye OpenWrt wenyewe wameandika waziwazi kwamba vifaa vya 4 kwa 32 ni vidogo mno. Nililisoma onyo lile kama mvutaji anavyosoma maandishi ya kwenye pakiti ya sigara.

Kuiweka kwenyewe hakukunisumbua. Nilipakua faili lenye neno "factory" kwenye jina lake, nikalipandisha kupitia ukurasa wa kawaida wa ruta, mstari ukatembea hadi mwisho, ikajiwasha upya. Siku mbili nilikuwa mfalme. Shangazi alininunulia soda na kuwaambia wateja, "Huyu ndiye amenitengenezea." Kile kipakeji cha kupanga foleni, ambacho ndicho nilichokifuata, hakikuingia. Nafasi ilikwisha. Sikumwambia mtu.

Siku ya tatu, saa nane mchana, watu kama kumi na wawili wamejiunga, ruta ikajizima na kujiwasha. Baada ya nusu saa tena. RAM ilikuwa inaishiwa. Shangazi akanivumilia mpaka jioni, kisha akasema kwa upole ule unaochoma: "Baba, nirudishie ile ya mwanzo tu."

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo. Nilipakua programu ya kiwandani. Jina la faili lilikuwa na neno "boot" katikati; nikaliona, sikuliuliza linafanya nini pale. Nikaamuru OpenWrt ilipokee, ikakataa, ikasema faili halijapita ukaguzi. Sasa pale kwenye amri ya sysupgrade, ile ya kubadilisha programu ukiwa ndani ya OpenWrt, kuna kiherufi F kikubwa, unakitanguliza na kistari, maana yake: usikague, weka tu. Nikakiandika. Herufi moja.

Taa zote zikawaka kwa pamoja. Zikazima. Zikawaka kwa pamoja. Zikazima. Mpaka leo nikiona taa za mti wa Krismasi tumbo linanicheza.

Leo naweza kueleza kilichotokea. Kumbukumbu ya ruta ile ina vyumba. Chumba cha kwanza, kilobaiti 128, kinakaa butiloda, yaani mlinzi anayeamka kabla ya wote na kwenda kumwamsha mwenye nyumba. Vyumba vinavyofuata ndimo inamokaa programu yenyewe. Faili la kiwandani lenye "boot" linabeba nakala yake ya butiloda mbele ya programu. Nilipolilazimisha, nakala hiyo ilimwagwa kwenye chumba cha programu. Mlinzi wa kweli akaamka, akaenda kumwamsha mwenye nyumba, akamkuta kitandani mlinzi mwingine. Akachanganyikiwa, akaanza upya. Lakini mlinzi wa kweli hakuguswa, na kama butiloda ni nzima, ruta haijafa.

Usiku ule sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba duka halina intaneti na vijana walio benchini wamehamia duka la ng'ambo ya barabara. Fundi mmoja akaiangalia bila hata kuifungua skrubu, akataka elfu themanini ya "chipu mpya". Jumapili, mbele ya sahani za wali na watu wote wa nyumbani, baba mdogo akasema, "Umemfungia dada yangu duka kwa kidole." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nimeyasamehe maneno yale, lakini mnaona nimeyakumbuka neno kwa neno.

Usiku wa nne ndipo nilipojua kwamba ruta hii ina njia ya dharura. Ukibonyeza kitufe cha riseti huku unaiwasha, butiloda inaomba faili kwa waya, kwa TFTP, njia nyepesi ya kuhamisha mafaili, kutoka kwa kompyuta yenye anwani 192.168.0.66 tu, na faili liwe na jina hili tu: wr841nv9_tp_recovery.bin. Kila modeli ina jina lake. Archer C7 toleo la 2, kwa mfano, inataka ArcherC7v2_tp_recovery.bin. Ukikosea herufi, inakaa kimya.

Nikaweka anwani. Nikafungua Tftpd64, programu ya kugawa mafaili kwa TFTP. Nikabonyeza, nikawasha, nikahesabu hadi kumi. Kimya. Nikarudia mara ishirini na kitu, kidole gumba kikabaki na alama ya kitufe.

Sababu zilikuwa tatu, na hakuna mwongozo niliousoma uliozitaja pamoja. Ya kwanza: Windows ilikuwa imeficha mikia ya majina ya mafaili, kwa hiyo faili langu kumbe lilikuwa linaitwa wr841nv9_tp_recovery.bin.bin. Ya pili: ukuta wa usalama wa Windows ulikuwa unazuia maombi yote ya TFTP. Ya tatu ndiyo iliyonila usiku mzima. Ruta ikizimwa, kompyuta inaona waya umekatika, inatupa ile anwani; ruta ikiwaka, inaomba faili kwa sekunde chache tu, na Windows wakati huo ndiyo kwanza inajikuna macho ikitafuta mtandao. Ikishaamka, mlinzi keshaacha kuomba.

Dawa ilikuwa swichi ya mtandao, kile kiboksi cha kuunganishia nyaya. Swichi yoyote, hata ya milango mitano iliyojaa vumbi. Niliiazima kwenye boksi la kamera za jirani. Waya mmoja kutoka kompyuta hadi kwenye swichi, mwingine kutoka swichi hadi ruta. Sasa ruta hata ikizimwa, kompyuta bado inaona swichi iko hai, haiachii anwani. Nikabonyeza, nikawasha, taa yenye alama ya kufuli ikawaka peke yake, na kwenye kioo ukapita mstari mmoja wenye jina la faili langu, kisha mstari wa samawati ukajaa hadi mwisho. Saa tisa na dakika kumi alfajiri. Nililia, na sioni aibu.

Safari hii faili nilikuwa nimelikata kichwa kwanza. Ukiwa na Linux ni amri moja: dd if=asili.bin of=safi.bin skip=257 bs=512. Inaruka vipande 257 vya baiti 512, kichwa na butiloda vinaondoka, inabaki programu tupu. Kama mtengenezaji ametoa faili lisilo na "boot" kwenye jina, huna haja ya kukata chochote; chukua hilo.

Sasa nisikilizeni, maana nyote mnaoniandikia mnataka ninachokitaka mimi: ruta iwe yenu kweli, isiwe ya kiwanda kilichoacha kuitolea marekebisho ya usalama. Ni tamaa nzuri. OpenWrt yenyewe ilizaliwa mwaka 2004 kwa sababu ya watu wenye tamaa hiyo, baada ya kugundulika kwamba ruta ya Linksys WRT54G inaendeshwa na Linux na kampuni ikalazimika kutoa msimbo wake hadharani. Hata lile "Wrt" kwenye jina limetoka huko. Lakini tamaa bila subira inafunga maduka ya shangazi.

Geuza ruta tumbo juu usome kibandiko. Usiniambie "ni 841". Toleo la 8 na la 9 ni ndugu wasioshirikiana nguo. Angalia megabaiti zake. Kama ni 4 kwa 32, iache, nunua iliyotumika yenye 16 kwa 128. Ndiyo, nawakataza nilichofanya mimi. Ukipakua faili, linganisha ile namba ndefu ya SHA256 na iliyoandikwa kwenye ukurasa, maana bando likikatika katikati unaweza kubaki na faili pungufu na usijue. Flashi kwa waya, kamwe si kwa waifai. Kompyuta iwe na chaji, na ruta ikae kwenye UPS ndogo kama mtaani kwenu umeme una tabia. "Factory" ni ya kutoka programu ya kiwanda kwenda OpenWrt. "Sysupgrade" ni ya kutoka OpenWrt kwenda OpenWrt mpya. Na ikikataa faili, imekataa. Usiilazimishe.

Jambo moja watu hawaliambiwi: kabla ya kuchezea chochote ndani, toa nakala ya kile chumba kinachoitwa art. Humo ndimo mlimo vipimo vya redio ya ruta yako, ya kwako peke yako. Ukikifuta, ruta itawaka vizuri kabisa na waifai haitarudi, na cha jirani hakitakufaa sawasawa.

Kama umeharibu mipangilio tu, umejifungia nje au umesahau neno la siri, hata TFTP huihitaji. OpenWrt ina hali ya dharura: taa ikianza kupepesa wakati inawaka, bonyeza kitufe, ikianza kupepesa haraka umeshaingia. Ipe kompyuta anwani 192.168.1.2, ingia ndani ya ruta kwa dirisha la amri, andika firstboot, zima na uwashe. Imerudi kama mpya.

Na kama butiloda ndiyo iliyokufa au TFTP haiitiki kabisa, hapo unafungua kasha. Kwanza unaunga nyaya tatu za siria (serial), za kuzungumza na butiloda moja kwa moja, kwenye bodi, kwa volti 3.3, ule wa nne, wa umeme, usiuguse, na kwenye hizi TP-Link za zamani unaandika tpl kabla sekunde haijaisha. Kukiwa kimya hata huko, ni kuandika chipu kwa mashine yake. Nimefika huko mara mbili. Siwashauri mfike mkiwa na njaa au hasira.

Shangazi alifungua duka asubuhi ileile. Hakusema kitu kuhusu ruta. Alinisukumia chai na chapati mbili, akaniuliza kama nimelala. Baba mdogo mwaka jana alinipigia, ruta yake haiwaki waifai. Nilimwambia nina kazi, nitamwona Jumamosi. Nilimwona Jumatano ya wiki iliyofuata.

Yule kijana wa Dodoma nilimpigia usiku uleule, nikamwambia akimbie kwa fundi kukipambazuka. Alikimbia. Ruta ilikuwa juu ya meza, inawaka, waifai ikiwa na jina la duka. Fundi alikuwa amechomeka waya. Akamwambia anaiuza elfu arobaini na tano, kwa sababu hii si ya kawaida, ina programu ya kisasa.