Maswali na majibu: Atlasi ya shule iliyodumu tangu 1883

Katika safu iliyopita nilieleza kwa ufupi habari za atlasi ya Diercke, kitabu cha ramani kinachotumika katika shule za Ujerumani tangu mwaka 1883. Barua za wasomaji wa Mwanza na mikoa jirani ni nyingi kuliko nafasi niliyo nayo, kwa hiyo nimechagua zile zinazogusa historia ya kitabu chenyewe na ziwa letu.

Huyo Diercke alikuwa nani, na imekuwaje kitabu cha shule kiishi zaidi ya miaka 140? (Msomaji, Nyegezi)

Carl Diercke, aliyezaliwa mwaka 1842, alikuwa mwalimu na baadaye msimamizi wa mafunzo ya ualimu. Aliiandaa atlasi hiyo pamoja na mchoraji ramani wa Leipzig, Eduard Gaebler, na kampuni ya Westermann ya mjini Braunschweig ikaichapa. Carl alifariki mwaka 1913, na kazi ikaendelezwa na mwanawe Paul. Kilichodumu hasa ni jina, kwa maana ramani zenyewe zimechorwa upya mara kadhaa. Marekebisho makubwa yalifanywa mwaka 1957 na tena mwaka 1974, na kadiri miaka ilivyokwenda nafasi zaidi ilitolewa kwa ramani zinazoonyesha namna watu wanavyoishi na kuzalisha mali: mgodi mmoja, bandari moja, eneo moja la kilimo. Kwa maoni yangu, atlasi iliyoanzishwa na mtu wa darasani ilikuwa na bahati ya kujua mapema kwamba mwanafunzi hachoshwi na ramani, huchoshwa na kukariri majina ya mito.

Toleo la kwanza liliweza kulionyesha Ziwa Victoria kwa usahihi gani? (Mwalimu wa jiografia, Magu)

Mwalimu, swali lako linatulazimu kurudi nyuma kidogo. John Hanning Speke alilifikia ziwa hili karibu na Mwanza mwezi Agosti 1858, akalipa jina la malkia wake, lakini hakulizunguka. Wenyeji wa Ukerewe na Usukuma walikuwa wakilivuka kwa mitumbwi siku zote, ilhali huko Ulaya wataalamu waliendelea kubishana kama ni ziwa moja au ni kundi la maziwa. Ubishi huo ulimalizwa na Henry Morton Stanley, ambaye mwezi Machi 1875 aliondoka Kageye, huko huko kwenu Magu, kwa mashua iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, akalizunguka ziwa lote na kurudi alikoanzia.

Kwa hiyo Diercke na Gaebler, wakichapa miaka minane baadaye, walikuwa na umbo la jumla la ziwa mikononi mwao. Hata hivyo, Stanley alikuwa amepitwa na kona ya kusini-magharibi. Mwaka 1889, alipokuwa akirejea pwani na Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan, ndipo alipogundua kwamba maji yanaingia ndani zaidi upande huo kuliko alivyochora mwanzo. Ghuba hiyo ya upande wa Geita na Chato leo huitwa Ghuba ya Emin Pasha, na hakuna atlasi ya Ulaya ya mwaka 1883 ambayo ingeweza kuionyesha ilivyo. Kosa hilo si la mchoraji, kwa sababu atlasi ya shule hupokea taarifa za wapimaji na wasafiri. Haiendi yenyewe kupima.

Je, siasa za ukoloni ziliingia katika kurasa zake? (Msomaji, Bukoba)

Ziliingia, na hazikukawia. Toleo la kwanza lilitoka kabla Ujerumani haijadai eneo lolote Afrika Mashariki, kwani hati ya serikali yake ya kuliweka eneo hilo chini ya ulinzi wa Ujerumani ilitolewa mwezi Februari 1885. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1890 ulipitisha mpaka katikati ya ziwa kwa kufuata mstari wa nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, mstari ambao hadi leo unaonekana umenyooka kama uzi katika ramani yoyote ya eneo letu. Ramani za Kijerumani za enzi hizo ziliandika Muansa pale tunapoandika Mwanza. Ujerumani ilipoteza makoloni yake kwa Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na baada ya vita vya pili atlasi za shule za Ujerumani Magharibi ziliendelea kwa miaka mingi kuonyesha mipaka ya Ujerumani ya mwaka 1937, yaani ya kabla ya vita hivyo.

Shikamoo. Kwa nini atlasi huipaka Mwanza rangi ya kahawia kama jangwa, wakati huku kuna maji na mpunga? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Ilemela)

Marahaba. Fungua ufunguo wa ramani, utaona safu ya vibandiko vya rangi vyenye tarakimu pembeni: rangi hizo zinahesabu urefu wa ardhi kutoka usawa wa bahari, hazisemi lolote kuhusu mvua wala majani. Uso wa ziwa uko takribani mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo hata jaruba la mpunga lililojaa maji hapo kwenu hupata rangi ya nyanda za juu. Utaratibu wa kijani kwa mabonde na kahawia kwa miinuko ulienezwa shuleni na Mjerumani Emil von Sydow katika karne ya 19.

Kabati la shule yetu limejaa atlasi za zamani. Tuzitupe? (Mwalimu, Sengerema)

Msizitupe. Miinuko, mito na mwambao bado vinafundishika humo. Mipaka ya utawala na njia ndivyo vya kuangaliwa: atlasi iliyochapwa kabla ya mwaka 2012 haina Mkoa wa Geita, na iliyochapwa kabla ya Juni 2025 haina daraja la Kigongo–Busisi lililo wazi kwa magari. Wapeni wanafunzi toleo la zamani na jipya kwa pamoja, waorodheshe tofauti za mwambao wenu wenyewe, na mwaka wa kuchapwa uandikwe kwa wino juu ya kila jalada.