Maswali ya wasomaji: Tablo za mtu mmoja, nyumba nzima

Mwezi huu barua mingi za hapa Lubumbashi zimekuja juu ya tablo, zile picha za kuchorwa, na hiyo imenifurahisha kweli, juu siku zote mnaniuliza paka mambo ya bwana, bibi, na deni ya jirani. Nimechagua nne. Moja nimeikata kidogo, mwenyewe anisamehe, alianza na salamu ya ukurasa nzima.

Yaya, jambo. Miye niko mama wa Kamalondo, nauzisha vikwembe. Binti yangu alinivuta twende pa vernisaje, siku ya kufungua maonyesho, galeri kadogo tu, vyumba viwili. Naingia nakuta tablo kumi na moja, zote za mutu mumoja, ukuta mweupe mingi kupita tablo zenyewe, bei hakuna, mutu wa kukuelezea hakuna, bakubwa banashika viglasi banaongea polepole sawa pa matanga. Kulikuwa tablo moja ya baba anavaa kofia ya mugodi, mukono mumoja ameficha nyuma. Nilitamani kuuliza ule baba ni nani na anaficha nini, nikaogopa, nikatoka. Juu ya nini banamupa mutu mumoja nyumba nzima, na siye tunapashwa kufanya nini mule ndani?

Mama, jambo sana. Kwanza pole, na ninakuambia hivi: kati ya watu wote waliokuwa mule ndani na viglasi vyao, wewe njo uliangalia ile tablo. Mkono wa nyuma! Mimi ningelipa franka zangu kusikia mchoraji anakujibu.

Mambo ya mtu mmoja kupewa nyumba nzima haikuanza jana. Ufaransa, mwaka 1855, kulikuwa maonyesho makubwa ya dunia pale Paris, na Gustave Courbet alipeleka tablo zake, wakubwa wa kuchagua wakamkatalia zile kubwa alizokuwa anazipenda zaidi. Akakasirika, akajenga kibanda chake karibu tu na hapo, akatundika tablo 40 za kwake, akatoza kiingilio. Watu hawakuja mingi. Lakini ile fikra ilibaki, kwamba mtu anaweza kusema: musiniweke katikati ya wengine, mniangalie mimi peke yangu kutoka mlango wa kuingilia mpaka wa kutokea.

Ila Mama, siye tusijifanye kama tumefundishwa hii kitu na Paris. Uko Kamalondo, unakumbuka saluni za zamani, hata Kenya (mtaa wetu, si ile inchi), hata Katuba: kiti, redio, na juu ya ukuta tablo ya Mamba Muntu, yule mwanamke nusu samaki, ao ile ya Colonie Belge, mfungwa analala chini, askari anamchapa fimbo, muzungu anasimama pembeni. Zilichorwa juu ya kitambaa cha gunia ya unga, mchoraji anazizungusha mwenyewe, anabisha hodi, mnabishana bei. Watu waliziita ukumbusho, na hakuna aliyeitundika kusudi inyamaze. Mgeni anaingia, anaiangalia, anauliza, baba anaanza: ile wakati sisi tulikuwa wadogo... na chai inapoa.

Njo vile Tshibumba Kanda Matulu alikuwa anafanya kazi. Alizunguka na tablo zake akiuzisha, akafika kwa mwalimu mmoja wa univerisite hapa Lubumbashi, Johannes Fabian, kati ya mwaka 1973 na 1974, na badala ya kuuza moja na kwenda, akamchorea historia ya inchi nzima, tablo 101, na kwa kila tablo alikaa akaieleza, kanda ya kurekodi inazunguka, kwa Swahili yetu hii hii. Ya kifo cha Lumumba aliweka misalaba tatu kule nyuma, na angekuambia mwenyewe juu ya nini ni tatu. Kwangu ile ni ekspo, maonyesho ya mtu mmoja kamili, ilikosa tu ukuta mweupe na divai.

Kwa hiyo ile kimya uliyokuta haiko ya kwetu, Mama, imekuja na viglasi. Uivunje.

Sasa kwa kazi yenyewe. Usiende siku ya vernisaje. Ile neno inatoka kwa vernis, ile ya kung'arisha tablo, zamani wachoraji walikuwa wanapewa siku moja mbele ya kufungua kusudi wapake vernis ya mwisho, leo ni siku ya kusalimiana na kujipiga picha. Rudia siku ya kawaida, asubuhi, hakuna mtu. Kwa galeri ndogo mara mingi kuingia ni bure, na kuangalia hakukufungi kununua. Zunguka mara moja haraka bila kusoma kitu, kiisha rudia pa tablo ya kwanza na uende polepole, hapo utaanza kuona huyu mtu ni rangi gani anairudilia, ni uso gani unatokea tena na tena. Na nafasi nyeupe katikati ni ya macho kupumzika, hawakukosa tablo za kujaza. Bei mara mingi iko kwa karatasi pa meza karibu na mlango, uiombe tu, ile alama nyekundu pembeni ya tablo ni kusema imekwisha kununuliwa. Na kama mchoraji hayuko, uliza sentineli, mlinzi wa pale. Sicheki. Sentineli anashinda mule wiki tatu, amesikia maelezo yote, na mmoja aliwahi kunielezea tablo vizuri kuliko karatasi ya galeri yenyewe, akanionyesha hata mahali mchoraji alifuta mtoto akaweka mbuzi.

Binti yako akuchukue tena, hata pa Picha, hata pa Waza, vile vituo vya sanaa hapa mjini, hata pa Halle de l'Étoile ya Wafaransa, ao pa Musée, nyumba ya makumbusho. Na umuulize mchoraji juu ya ule mkono, kiisha uniandikie.

Yaya, niko mupentre wa Katuba, miaka 26. Galeri moja imeniita nifanye ekspo ya peke yangu, ya kwanza kabisa. Basema batakamata 40 kwa mia pa kila tablo itauzishwa, na kadre, mbao za kuzungushia tablo, nilipe miye. Bandugu banasema ni bwizi. Nyumbani niko na tablo makumi tatu na mbili, nataka nipeleke zote bantu baone kazi. Unanishauri je?

Mdogo wangu, hongera. Ndugu zako wanakupenda lakini hawajui hii biashara. Galeri kukamata kati ya 30 na 50 kwa mia ni kawaida, kule Paris na New York nusu kwa nusu haishangazi mtu. Wizi ni pale wanakamata 40 na hawafanyi kitu. Kwa hiyo waulize: nani analipa taa na mazut ya jenereta, nani anaalika watu, nani anachapisha mwaliko, na je, wako na wateja ao wanangojea wewe ulete mashangazi yako? Kama wateja ni wa kwao, 40 iko sawa.

Pa kadre njo utumie akili. Tuseme tablo ni dola 300 na kadre imekula dola 40. Wakikamata 40 kwa mia ya bei nzima, wanabeba 120, wewe unabaki na 180, ukitoa kadre uliyolipa unabaki na 140. Lakini ukisema kwanza kadre itoke, kiisha tugawanye, wao wanapata 40 kwa mia ya 260, yaani 104, na wewe ukiisha kulipa kadre unabaki na 156. Dola 16 inaonekana kidogo, ukiuza tablo 12 ni dola 192, ni kadre za ekspo ingine karibu tano. Uombe ile. Galeri nyingi zitakubali, juu hawakutegemea ungehesabu.

Na karatasi, mdogo wangu, karatasi. Mimi ekspo yangu ya kwanza nilipeleka tablo tisa kwa galeri ambayo sitaitaja, nilizibeba juu ya toroli ya kukodisha, nikapeana mkono na patron tukacheka vizuri. Siku ya kurudishiwa zilikuwa nane. Basi. Ile ya tisa, ya bibi yangu anachambua sombe, mpaka leo hakuna anayejua, na mimi sikuwa hata na risiti ya kuonyesha, patron akaniuliza kwa upole kabisa kama niko na hakika nilileta tisa. Kwa hiyo uandike orodha, kila tablo na jina lake, urefu, upana, mwaka, bei, muisaini wawili na kila mtu abaki na yake. Uandike pia siku ya kurudisha, siku ya kukulipa kiisha kuuza, nani anaruhusu kupunguza bei, nani analipa tablo ikipasuka. Ukurasa mmoja unatosha. Akikataa kusaini ukurasa mmoja, ubaki Katuba. Na wewe pia usiende nyuma yake: ekspo ikiwa wazi, usiuze nyumbani kwa nusu ya bei. Hii mji ni ndogo, watajua tu.

Sasa zile 32. Hapana. Chumba kidogo kikijaa tablo 32 kinakuwa soko, na mtu anatoka bila kushika hata moja kichwani. Uzipange chini pa lupango, pale uwanja wa nyumba, zote, jua likiwa limepungua, usimame juu ya kiti uziangalie. Utaona kuna saba zinasema neno moja. Uache ile yenye inasema kwa nguvu, sita zirudie ndani. Kuna tatu ulichora juu mteja aliomba, hizo pia zirudie. Ukifika 12 ao 15 na ukaona zinaitana, hiyo njo ekspo. Kama hazitaitana, mwambie galeri ingoje mwaka, hakuna aibu.

Siku ya kutundika, katikati ya kila tablo iwe karibu metre moja na nusu kutoka chini, hapo njo macho ya mtu yanafika, usitundike juu sana kama picha ya raisi. Kama ni kipindi ya mvua, kitambaa kitalegea hata kama kilikuwa ngoma, upige polepole vile vimbao vya kona kule nyuma vinakaza tena. Kipindi ya kiangazi ni vumbi letu lile jekundu, ufungue ufute nyuma ya kadre pia, juu mnunuzi wa kweli anageuza tablo.

Ah, na ile karatasi ya kujieleza. Nusu ukurasa. Nimesoma moja ilisema mchoraji "anahojiana na kutokuwepo kwa kuwepo". Tablo yenyewe ilikuwa ya kuku. Andika ulizaliwa wapi, unachora nini na juu ya nini, kwa Swahili na kwa Kifaransa, basi.

Bonjour yaya. Nilinunua tablo pa ekspo, nimelipa yote. Naweza kuitia pa ma-T-shirt ya baa yangu?

Hapana, bosi. Ulinunua tablo, hukununua haki ya kuizalisha. Sheria yetu ya haki za watungaji ni ya tarehe 5 aprili 1986, na haki ya kutoa nakala inabaki kwa aliyechora mpaka yeye mwenyewe akupe kwa maandishi. Mpigie, mkubaliane T-shirt ngapi na bei gani. Pengine atafurahi, pengine atataka na biere.

Yaya, shikamoo. Papa wangu aliacha tablo ya zamani, samaki na ndege katikati ya majani, chini imeandikwa Pilipili. Jirani anatoa dola 50, basema ni kitu ya watalii tu. Niuze?

Marahaba, na usiuze, hata kama watoto wanalia njaa ngoja mpaka kesho kutwa.

Pilipili Mulongoy alizaliwa 1914, na alikuwa mmoja wa wale wa Hangar, atelie aliyoifungua Mfaransa Pierre Romain-Desfossés hapa mwaka 1946, mji ungali unaitwa Elisabethville. Aliwapa rangi na akawaacha kila mtu atoe yake kichwani. Bela alipaka na vidole, Mwenze Kibwanga alichora na mistari mistari kama nguo iliyofumwa, Pilipili njo samaki, ndege, nyoka, na nyuma yao madoadoa madogo, majani, maji, hakuna mahali patupu. Desfossés akafa 1954 na wakaendelea pa Akademia, shule ya sanaa ya Laurent Moonens. Shida yao ilikuwa moja: kwa miaka mingi waliuzwa kwa jina la shule, "école" ya Elisabethville, wote pamoja kama viazi, majina yakabaki ya pili. Mwaka 2015 Fondation Cartier pale Paris ilipofanya ekspo kubwa ya Kongo, walitundikwa na majina yao.

Sasa jina kuandikwa chini haitoshi, watu wameiga Pilipili sana, hata leo. Peleka picha, mbele na nyuma, nyuma njo muhimu, kwa watu wa Musée ao kwa galeri mbili tofauti, usiache tablo yenyewe kwa mtu, si unajua mambo ya ile ya tisa. Angalia kama kuna karatasi iliyobandikwa, muhuri, bei ya zamani kwa franka ya koloni. Kiisha kaa na mama, ao shangazi, yeyote mkubwa anayebaki, umuulize papa aliipata wapi, alimfanyia kazi nani, iliingia nyumbani mwaka gani, ilitundikwa ukuta gani, wageni walisema nini. Uandike yote na tarehe.

Na usiipanguse na maji. Najua unataka. Usiipanguse.