Maswali na majibu: Kuingia kijiji cha Fiji kwa adabu

Wiki hii tumejibu barua za wanaokwenda Fiji na kutaka kulala kijijini, si hotelini.

Nasikia mgeni hupeleka mizizi ya kava, ya kutengenezea kinywaji chao. Ni lazima? Kiasi gani? (Dar es Salaam)

Ni lazima. Zawadi hiyo, sevusevu, ndiyo hodi yako. Peleka nusu kilo kwa kila kijiji. Ukizunguka vijiji vitatu vya visiwa vya Yasawa, beba mafungu matatu, na uyanunue sokoni Nadi, Lautoka au Suva kabla ya kupanda boti. Omba waka, yaani mizizi mikavu ambayo haijatwangwa, ifungwe kwa gazeti na utepe. Unga wa paketi haufai mbele ya wazee: mzizi mzima huonekana ulivyo, ilhali unga huweza kuchanganywa na lewena, ambayo ni sehemu ya shina na bei yake ni ya chini. Usilie na bei. Mmea huu huchukua miaka mitatu au zaidi kukomaa, na kimbunga Winston cha Februari 2016 kiliharibu mashamba mengi, bei ikapanda.

Ukifika, mwombe mtu wa kwanza unayemkuta akupeleke kwa turaga ni koro, msimamizi wa kijiji. Usitangulie kuzurura wala kupiga picha. Vua viatu mlangoni, kaa chini, weka fungu sakafuni mbele ya mwenyeji badala ya kumkabidhi mkononi, kisha nyamaza, aliyekuleta akusemee. Likipokewa, umekuwa mgeni wa kijiji kizima.

Wapo wanaoruka hatua hii kwa kisingizio kwamba wanapita tu ufukweni. Ufuko huo una wenyewe. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Fiji iko mikononi mwa koo za wenyeji, mataqali, na maji ya mbele ya kijiji nayo yana jamii inayovua humo kwa desturi. Kuogelea, kuvua, kupanda kilima: omba kwanza. Wakala akikuambia malipo yako yamemaliza kila kitu, muulize sevusevu itatolewa na nani na lini. Akibabaika, tafuta mwingine.

Naweza kupeleka mvinyo badala yake? (Nairobi)

Hapana. Swali hili tumeshalijibu mara nyingi mno.

Nivae nini? (Tanga)

Unacho tayari. Mwanamke avae kanga, mwanamume kikoi, ifungwe kiunoni na kupita magoti; hufanya kazi ileile ya sulu ya kwao. Mabega yafunikwe. Kofia na miwani ya jua vua ukiingia kijijini, na begi lishike mkononi, usilining'inize begani. Kichwa kina heshima yake: usimshike mtoto kichwani, hata kwa mapenzi. Ukipita mbele ya waliokaa, inama na useme "tulou".

Ni Nadi au Nandi? (Bujumbura)

Huandikwa Nadi, husomwa Nandi. Kwa Kifiji b ni mb, d ni nd, c ni dh, q ni ng ya ngoma, g ni ng' ya ng'ombe. Kwa hiyo yaqona, kava kwa jina la kwao, itamke "yangona".

Mimi ni Mwislamu. Kava ni kileo? Na hunywewaje? (Mombasa)

Kava haichachushwi na haina alkoholi. Ni mzizi wa mmea wa jamii moja na pilipili manga, hutwangwa na kukamuliwa kwenye maji baridi. Hata hivyo hulegeza mwili, kwa hiyo hukumu yake muulize shekhe wako kabla ya safari. Ukiamua kutokunywa, mwambie mwenyeji wako mapema, na sevusevu uitoe vilevile.

Anayekunywa hukaa chini, mwanamume amekunja miguu, mwanamke ameilaza upande. Nyayo zisielekee tanoa, bakuli kubwa la mbao, wala usiliruke. Ukiletewa bilo, kifuu cha nazi, piga kofi moja kwa viganja vilivyokunjwa ili litoke zito, pokea, sema "Bula", kunywa yote kwa mkupuo, rudisha, kisha piga makofi matatu. Rangi ni ya maji ya tope, ladha ni ya udongo wenye uchungu, na ulimi hufa ganzi. Wageni huharibu kwa kuonjaonja kama chai: kifuu ni kimoja na wenzako wanakingoja. Ukihofia, omba kiasi kidogo tangu mwanzo. Mwenye ugonjwa wa ini au anayetumia dawa za usingizi asinywe kabisa, na usichanganye na bia.

Tunafika Jumapili asubuhi. Sawa? (Kampala)

Badilisheni siku. Jumapili ni ya kanisa na mapumziko. Vijiji vingi ni vya Wamethodisti na hata kuogelea siku hiyo huchukiza. Ukialikwa ibadani, nenda.

Wanaijua Kenya? (Eldoret)

Kwa raga, sana. Fainali ya mashindano ya raga ya wachezaji saba, Singapore 2016: Kenya 30, Fiji 7. Usianze wewe kuitaja.

Niwagawie watoto pipi na pesa? (Arusha)

Usigawe. Unawafundisha kuomba wageni. Madaftari na kalamu mpe mwalimu, mchango wa pesa mpe turaga ni koro mbele ya watu. Na chunga sifa zako: ukisifia sana mkeka au shanga za mwenyeji, huenda akajiona hana budi kukupa, hata kama ndicho kizuri pekee alicho nacho. Sifu chakula.