Kwa Vijana Wanaoanza Kazi ya Kuongoza Wageni katika Mnara wa Taa wa Chumbe

Karibu kila mgeni anayeshuka mashuani katika kisiwa cha Chumbe huinua macho kuutazama mnara wa taa, na swali lake la kwanza huwa ni umri wake. Jibu ni jepesi: ulijengwa na Waingereza mwaka 1904. Hata hivyo, mwongozaji anayeishia hapo hajamweleza mgeni jambo la maana, kwa sababu mnara huu haukusimamishwa ili utazamwe, bali ili vyombo vinavyoikaribia bandari ya Zanzibar kwa upande wa kusini visipande mwamba usiku. Kazi hiyo haijakoma, nanyi yawapasa kuifahamu kabla ya kukariri tarehe.

Anzeni na bahari. Mwombeni nahodha awaonyeshe mwamba ulivyo wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yanapokupwa, kisha mpaangalie mahali pale pale maji yakiwa yamejaa. Katika mkondo ulio kati ya Unguja na bara, tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, kwa hiyo mwamba uliokuwa ukikanyagika asubuhi huwa umefichika kabisa baada ya saa sita. Mkishaliona hilo kwa macho yenu, mtaeleza haja ya taa kwa maneno yenu wenyewe, na mgeni atawaamini.

Urefu wa mnara nao una sababu yake. Kwa kuwa dunia ni duara, taa iliyo chini hufichwa na upeo wa macho hata ikiwa kali namna gani. Taa iliyo mita 25 juu ya bahari huweza kuonekana na mtu aliye usawa wa maji kutoka maili 10 hivi za baharini, lakini ukitaka kuongeza umbali huo mara mbili, itakubidi uinue taa mara nne. Hesabu hii ielezeni mkiwa juu, baada ya kupanda ngazi zote 131, mgeni akiwa ameshavuta pumzi na bahari imetandaa mbele yake. Ikielezwa chini husahaulika.

Sehemu ya historia inayostahili muda wenu zaidi ni mwaka 1926, taa ilipobadilishwa na kuwekewa mtambo wa gesi wa AGA, kampuni ya Sweden. Nyuma ya mitambo hiyo yupo Gustaf Dalén wa Sweden, aliyebuni namna ya kuiwasha gesi ya asetilini kwa vimuliko vifupi badala ya kuiacha iwake mfululizo, hivyo mtungi mmoja ukadumu muda mrefu zaidi. Alibuni pia vali ya jua: ndani yake mna kijiti cheusi cha chuma ambacho, kikipigwa na mwanga wa mchana, hupata joto, hurefuka na kuifunga gesi, giza likiingia hupoa, hufupika na kuifungua. Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912, na mwaka huo huo mlipuko uliotokea katika majaribio ya gesi ulimpofusha. Nimeona wanafunzi wa shule waliokuwa wakinong'onezana wakinyamaza mara wanaposikia kwamba mtu aliyewaangazia mabaharia wengi kiasi hicho aliishi miaka yake iliyobaki gizani. Msiharakishe mnapofika hapo.

Kuhusu utunzaji, adui mkubwa ni chumvi. Upepo wa kusi huipeperusha hadi juu, ikaganda kwenye vioo na kula chuma cha bawaba na vizuizi. Mkikabidhiwa kusafisha kioo chochote, kiloweke kwanza kwa maji baridi ili chumvi iyeyuke, ndipo mpanguse kwa kitambaa laini. Anayesugua kikavu hukwaruza kioo kwa punje zile zile anazotaka kuziondoa. Kisiwani hakuna kisima wala chemchemi, na maji baridi ni ya mvua inayokingwa kwenye mapaa, kwa hiyo tumieni kwa kipimo. Mtambo wa taa wenyewe msiuguse kabisa, kwani una mafundi wake. Mkiona ufa ukutani, toeni taarifa, wala msikubali uzibwe kwa saruji tupu: saruji ni ngumu kuliko chokaa ya zamani, huzuia unyevu kutoka, na jiwe la jirani huanza kumomonyoka.

Nyumba ya zamani ya mtunza taa na msikiti mdogo ulio karibu visipitwe haraka kana kwamba ni nyongeza. Hivyo ndivyo vinavyomwonyesha mgeni kwamba hapa waliishi watu, wakaswali, wakangoja mashua ya mahitaji.

Mwisho, waulizeni walinzi wa hifadhi. Serikali ilipoitangaza Chumbe kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1994, waliofunzwa ulinzi walitoka miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Mvuvi huutumia mnara hata mchana, kwa kuulinganisha na alama nyingine ya nchi kavu ili ajue chombo chake kilipo. Ombeni mpelekwe baharini mkaonyeshwe namna hiyo ya kupima, maana wageni wengi hudhani mnara hauna kazi mpaka jua litue.