Mwenye kashfa anaweza kupitishwa kugombea urais? Maswali kutoka Mwanjelwa hadi Ludewa

Kaka, kuna mwanasiasa tunampenda sana hapa sokoni, ila kila akitajwa na kashfa inatajwa. Chama kinaweza kumpitisha kweli agombee urais? (Muuza viazi, Mwanjelwa, Mbeya)

Anaweza, ila kupendwa sokoni siko kunakomvusha. Mchukue Edward Lowassa, mwaka 2015. Alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008, baada ya kamati teule ya Bunge kuwasilisha ripoti ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela wakati huo. Lowassa alikana kufanya ufisadi. Miaka saba baadaye alichukua fomu, na kila alikopita kutafuta wadhamini watu walijaa.

Watia nia waliorudisha fomu CCM walikuwa 38. Kamati Kuu ilipokaa Dodoma mwezi Julai, ikabakiza 5: Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Lowassa alikatwa. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari wakaupinga uamuzi huo. Ndani ya Halmashauri Kuu, kikao kilichofuata, kuna wajumbe walioimba kwamba wana imani naye. Haikusaidia. Watano wakawa 3, na Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, Amina 253 na Migiro 59.

Nilikuwa kwenye kibanda cha chai pale Kabwe majina yale matano yaliposomwa. Redio ndogo, betri zimebanwa kwa mpira, na baridi ya Julai mnaijua. Mzee mmoja, koti limefungwa hadi shingoni, alisikiliza hadi jina la mwisho, kisha akauliza: "La sita hawajasoma?" Hakuna aliyemjibu. Akaweka kikombe chini, chai haijafika nusu, akatoka.

Jibu lako liko hapo. Wajumbe wale wa Mkutano Mkuu, zaidi ya elfu mbili, hawakuulizwa kama wanamtaka Lowassa au hawamtaki. Walipewa watatu wachague mmoja. Kwa utaratibu ule, mtu mwenye utata hashindwi kwa kura, anaishia mlangoni, kwenye kikao cha watu wachache. Na kinachoniuma mpaka leo si kukatwa kwake. Inawezekana walikuwa na sababu nzito. Kinachoniuma ni kwamba tuhuma zile hazikufikishwa mahali pa wazi zikasikilizwa zikaisha. Kama alikosa, wananchi walistahili kuambiwa kwa ushahidi. Kama hakukosa, alistahili kusafishwa akiwa hai. Amefariki Februari 2024, na hapa mtaani bado kila mmoja ana Lowassa wake.

Akikusanya wadhamini wengi kupita wote, si vikao vitaogopa kumkata? (Dereva wa bodaboda, Mafinga)

Haviogopi. CCM mwaka ule ilitaka wadhamini 450 tu. Aliyepata hao na aliyepata maelfu walifika Dodoma wakiwa sawa. Fomu nayo ilikuwa shilingi milioni 1.

Shikamoo. Mbona Marekani Donald Trump alipitishwa na kesi zake zote? (Mwanafunzi, Kihesa, Iringa)

Marahaba. Kule mlango umeshikwa na wapiga kura wenyewe. Kabla ya mkutano mkuu wa chama, majimbo hupiga kura za awali, na wajumbe hugawanywa kufuatana na kura hizo. Mwaka 2016 mtu alihitaji wajumbe 1,237 kupitishwa na chama cha Republican. Vigogo wengi wa chama hawakumtaka Trump, lakini hawakuwa na kikao cha kulifuta jina lake, naye akavuka idadi hiyo. Mei 2024 mahakama ya New York ilimtia hatiani kwa makosa 34, na Julai chama kikampitisha tena, Milwaukee.

Afrika nako yapo. Thabo Mbeki, rais wa Afrika Kusini wakati huo, alimfukuza Jacob Zuma kwenye umakamu wa rais mwaka 2005 kwa sababu ya sakata la rushwa. Desemba 2007, Polokwane, wajumbe wa ANC, chama chao, wakampa Zuma urais wa chama kwa kura 2,329 dhidi ya 1,505 za Mbeki, na mwaka 2009 akawa rais wa nchi. Mwanangu, simsifii Zuma wala Trump. Mlango ulio wazi unaweza kumwingiza mtu asiyefaa. Lakini waliomwingiza wanajulikana, na kura zao zimehesabiwa mbele ya watu. Mimi nachagua huo.

Sisi wa huku tumewahi kufika tatu bora? (Mwalimu mstaafu, Tukuyu)

Ndaga, Mwalimu. Tumefika. Mei 2005, ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, Profesa Mark Mwandosya aliingia tatu bora za CCM. Jakaya Kikwete alipata kura 1,072, Salim Ahmed Salim 476, Mwandosya 122. Mtu wa watu wa Rungwe, msomi, hana kashfa ya kumzuia, na bado kura ni hizo 122. Kwa hiyo usafi peke yake nao hautoshi, lazima uwe na wajumbe.

Mtu akikatwa na chama chake, kwa nini asigombee mwenyewe bila chama? (Fundi seremala, Ludewa)

Swali hili limepiganiwa na mwana wa hukohuko Ludewa, Mchungaji Christopher Mtikila. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba kuufuta ushindi huo. Akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge kuamua, si la mahakama. Hakuchoka. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikatamka kwamba katazo hilo linavunja haki. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015. Ibara ya 39 ya Katiba haijabadilika: mgombea urais lazima awe na chama kilichompendekeza.

Aliyekatwa anabaki na kuhama. Lowassa alihamia CHADEMA Julai 28, 2015, na Agosti tulimwona Ruanda Nzovwe, uwanja umejaa hadi vijana wako juu ya miti. Alipata kura 6,072,848, Magufuli 8,882,935. Na kuhama nako kuna mlango wa mwisho. Mwaka 2025 Luhaga Mpina alitoka CCM, akapitishwa na ACT-Wazalendo, lakini Tume ya Uchaguzi ikamwengua. Basi fundi, kama una mtu wako wa 2030, anza sasa kuuliza ana kadi ya chama gani, na ni kina nani wanaokaa kwenye Kamati Kuu ya chama hicho.