Namba za wateja kwenye Nokia 6310i

Ndugu, kabla hujatoa laini kwenye hiyo 6310i ya biashara yako ya Kibuye uiweke kwenye simu mpya, angalia majina yamewekwa wapi. Mengi huwa kwenye simu yenyewe, inayobeba hadi 500, na jina moja laweza kuwa na namba kadhaa: ya duka, ya nyumbani, ya mkononi. Laini huhifadhi jina na namba moja tu. Kwa hiyo ukinakili majina kwenda kwenye laini, inayovuka ni ile namba kuu, zingine zinabaki. Zile unazozihitaji sana ziandike kivyake kwenye laini, kwa jina fupi, mfano "Mama Omena Duka". Zianze na +254, namba ya Kenya, zitashika hata ukivuka Busia kwenda Uganda. Tafadhali usifute kitu kabla hujaijaribu laini kwenye simu mpya.