Jibu: Tektronix 465 kioo cheusi. Usinunue kapasita kwanza, iondoe chumvi

Salaam aleikum, ndugu yangu wa Malindi. Nimesoma swali lako na majibu uliyopewa. Umenunua osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, aina ya Tektronix 465 iliyotumika, ukiiwasha taa ndogo za mbele zinawaka lakini kioo ni giza tupu, hakuna mstari wala nukta. Karibu wote waliokujibu wamesema uagize kapasita mpya, vile vipuri vinavyotunza chaji ya umeme, kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, ubadilishe zote. Nawe unauliza kama unaweza kunitumia huku Amu (Lamu) niitazame.

Naanza na la kapasita, kwa sababu ndilo litakalokula pesa yako. Ushauri huo ni wa watu wa bara, na kwao una mantiki. Kifaa cha miaka ya 1970 kikikaa Nairobi au Nakuru, kinachochoka kwanza ni kapasita za alumini: majimaji ya ndani hukauka. Sisi tuna bahari mlangoni. Kusi ikishika, hewa hubeba chumvi mpaka ndani ya kabati lililofungwa, na chumvi hunywa unyevu wa usiku. Asubuhi bodi ina utando mwembamba wa maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Vifaa vingi vinavyofika mezani kwangu vimekufa kwa hilo: soketi zina kutu, swichi hazigusani, umeme unavuja pasipotakiwa. Kapasita mpya hazitatibu hata kimoja katika hivyo. Tena ukichomoa vipuri vyote kwenye bodi kuukuu, njia za shaba zitang'oka nazo, na utabaki na ugonjwa ulioununua pamoja na ugonjwa uliouleta mwenyewe.

Kabla ya bisibisi, hakikisha si nobu tu. Swichi ya triga, inayoamua mstari uanze lini kuchorwa, iwe kwenye AUTO, si NORM, maana kwenye NORM mstari hautokei mpaka pawe na mawimbi ya kuuchochea. Ongeza mwangaza kiasi, nobu za kusogeza mstari ziwe katikati, kisha bonyeza kitufe kilichoandikwa BEAM FIND. Hicho huikusanya picha iliyopotelea nje ya kioo na kuirudisha ndani. Ukiona doa au kijistari, shukuru: bomba la kioo ni zima na umeme wake mkubwa upo, kwa hiyo shida iko kwenye saketi za kusukuma mstari juu na chini au kushoto na kulia. Usipoona kitu, kazi inaanzia kwenye pawa saplai, sehemu inayogawa umeme wa volti mbalimbali kwa mashine nzima. Tazama na kichaguzi cha volti kule nyuma. Umeme wetu ni 240, na kifaa kilichokuja kutoka Marekani huenda bado kimewekwa kwa umeme wa kwao.

Ukikifungua, jua kwamba nyuma ya bomba la kioo kuna umeme hasi unaozidi volti 2000, na upande wa mbele kuna maelfu zaidi. Multimita yako ya volti 1000 haina kazi huko, itaungua, na wewe pia unaweza kuungua. Chomoa plagi, subiri, toa chaji iliyobaki. Ukilazimika kupima huku inawaka, mkono mmoja uwe mfukoni. Na pini ya ardhi usiikate hata mtu akikwambia nini. Hata soketi ya matundu matatu ipime kwanza kama ina ardhi kweli, kwani katika nyumba zetu za mawe nimekutana na soketi nyingi ambazo tundu la tatu ni pambo.

Sasa kuosha. Watu hupuliza spiriti ya isopropili kila mahali, bodi inang'aa, wanafurahi, na chumvi iko palepale. Isopropili huondoa mafuta na uchafu wa risasi ya kulehemu, lakini chumvi haiyeyuki humo kwa kiasi cha maana. Chumvi huondolewa kwa maji. Si ya bomba: huku kwetu maji yanatoka visima vya Shela, chini ya machuguu ya mchanga, na yana chumvi yake, ya kwenu yanayotoka Baricho ni mazuri kwa chai lakini nayo yana madini. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, yale safi ya kuongezea. Soma kibandiko vizuri, maana chupa ya asidi hukaa rafu hiyohiyo na zote mbili wauzaji huziita maji ya betri.

Toa vumbi kwa brashi laini ya rangi. Kisha lowesha brashi kwa maji hayo, usugue eneo moja baada ya jingine huku umeinamisha bodi ili maji yachuruzike yasituame. Transfoma, bomba la kioo, kisanduku cha umeme mkubwa na nobu zenyewe usivimwagie. Hivyo pangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Maji yakishatoka ndipo isopropili ifuate, kazi yake sasa ni kuyafukuza maji kwenye mianya. Kausha kivulini mbele ya feni, siku kadhaa, si juani juu ya paa. Wakati wa kaskazi kazi hii ni rahisi. Masika ikikukuta, weka kifaa ndani ya kabati pamoja na balbu ya zamani ya waya ya wati 25, mbali na chochote kinachoshika moto, kabati liwe vuguvugu tu. Balbu ya LED haitoi joto la kufaa. Mchele ambao watu hufukia vifaa ili unyonye maji uache jikoni.

Usiwashe mpaka pakauke kabisa. Umeme mkubwa ukikuta unyevu hujitafutia njia ya mkato. Utausikia ukichacharika, na unapopita huacha mchirizi mweusi wa kaboni ambao nao hupitisha umeme. Hapo umeongeza kazi.

Wakati kinakauka, fanya jambo ninalolithamini kuliko yote katika mashine hii. Transista nyingi za 465 hazikulehemewa, zimechomekwa kwenye soketi. Kwa fundi wa bara hiyo ni raha. Kwa pwani ni mtego, kwani miguu huwa myeusi na soketi huota ukoko usioonekana kwa macho, kisha transista nzima kabisa inaonekana imekufa. Piga picha kwanza. Chomoa moja, pangusa miguu kwa isopropili, irudishe upande uleule, ichomeke na kuichomoa mara kadhaa ili soketi ijisugue, ndipo uende kwa inayofuata. Moja moja, ndugu yangu, usizimwage zote mezani. Zinafanana sura lakini hazibadilishani. Nimeona mashine zikifufuka kwa hili peke yake, bila kununua hata kipuri kimoja.

Swichi kubwa za volti na za muda zina vidole vyembamba vilivyopakwa dhahabu. Usipulize kitu humo, wala usipitishe msasa. Kata ukanda wa karatasi, uloanishe kwa isopropili, upenyeze kati ya kidole na bodi, uvute taratibu, basi. Mafuta ya kopo ya kulegezea nati yabaki kwenye injini ya boti: huacha utelezi unaonasa vumbi na chumvi upya.

Ndipo vipimo. Plagi ikiwa nje, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), waya mweusi kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma, mwekundu kwenye kila njia ya volti ya pawa saplai: hasi 8, chanya 5, 15, 55 na 110. Unatafuta ile inayosoma karibu na sifuri. Ukiipata, mshuku tantalamu, kapasita ndogo zenye umbo la tone. Tantalamu haikauki kama alumini. Ikifa mara nyingi hugeuka kuwa kama waya, na moja tu ikifunga njia, mashine nzima hulala. Kuijua ni ipi kati ya nyingi, chukua pawa saplai ya mezani, volti 1 tu, mkondo usizidi nusu ampea, uilishe njia ile. Kisha pima milivolti ukifuata njia ya shaba: zitapungua kadiri unavyoisogelea mbovu, na ukishaipita hazipungui tena. Inua mguu wake mmoja. Omu zikirudi juu, umeipata.

Hiyo sasa ndiyo kapasita ya kununua. Mikrofaradi (kipimo cha ukubwa wa kapasita) zilezile, volti kubwa zaidi. Kwenye njia ya volti 15 mimi siweki kapasita ya chini ya volti 35. Na angalia alama: kwenye tantalamu alama iko upande chanya, kwenye alumini mstari uko upande hasi. Ukiigeuza tantalamu itapasuka na kutoa moto.

Njia zote zikiwa salama, washa upime volti zake, halafu hamishia mita kwenye AC, ipime mtikisiko uliobaki juu ya volti hizo. Ukiona milivolti chache tu, kapasita kubwa za alumini ni nzima, ziache. Ukiona volti nzima au zaidi, hapo nitakubaliana na wenzetu, lakini kwa kapasita za njia hiyo, si za mashine yote.

Kitu kimoja hukukitaja: unaiwasha kwa umeme wa laini au wa inveta ya sola? Inveta za bei ndogo hutoa mawimbi ya ngazi ngazi. Mita husoma 230 na mtu huridhika, kumbe kilele cha wimbi ni kifupi. Umeme wa laini wa 240 una kilele cha karibu volti 339, na kapasita za pawa saplai hujazwa kufikia kilele, si wastani. Kilele kikipungua, na betri nayo ikiwa imechoka, njia za volti zinaweza kushuka mpaka picha itikisike au ipotee. Jaribu kwenye laini kwanza.

Kuhusu muuzaji kukwambia ilitoka kituo cha Waitaliano cha San Marco, Ngomeni. Inawezekana. Roketi za kubeba setilaiti zilirushwa pale baharini kuanzia 1967 mpaka 1988, mojawapo ikibeba Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, na 465 ilianza kuuzwa 1972. Lakini hadithi hiyo nimeshauziwa na kila mwenye mita kuukuu kati ya Ngomeni na Watamu. Haiongezi thamani hata shilingi. Na kama ni kweli, basi imeishi juu ya maji: ioshe mara mbili.

Kunitumia, sikushauri kwa sasa. Basi litaitikisa mpaka Mokowe kupitia Garsen na Witu, halafu boti iirushie maji ya bahari ambayo umetumia juma zima kuyaondoa. Fanya haya kwanza, kisha niandikie hapa BEAM FIND ilionyesha nini, omu za zile njia tano, na unatumia umeme gani. Weka na picha ya bodi ya pawa saplai, ya mchana, bila flashi, nione rangi ya miguu ya transista.